Fidia ya vurugu za siasa: udai kwa Serikali, kwa mtenda, kwa waandalizi au kwa bima?

Shemeji yangu huuza viatu vya shule katika duka dogo upande wa chini wa Tom Mboya, Nairobi. Jioni ya tarehe 25 Juni 2025 mlango wake wa chuma ulipindwa kutoka chini kama jani la mgomba, na watu waliokuja nyuma ya waandamanaji wakabeba kila jozi iliyokuwa rafuni. Walichoacha ni vile vya dirishani, vya mguu wa kushoto tu, maana vya kulia huwekwa ndani ya boksi. Kijana anayemsaidia kazi alikuwa ameushika mlango akijaribu kuuteremsha. Akapigwa risasi ya mpira gotini.

Kwa hiyo nyumba moja ikabaki na madai mawili, la duka na la goti. Wiki ile kila aliyekuja kutoa pole alikuja na jibu lake. Mmoja alisema Serikali ilipe, ndiyo yenye polisi. Mwingine akasema walipe walioitisha maandamano. Wa tatu alitaka wezi wasakwe mmoja mmoja kwa picha za kamera. Wakala wa bima alifika wa mwisho, na lake lilikuwa swali fupi: "Karatasi yako inasemaje?"

Nimekuwa nikimsaidia kufuata njia hizi zote, na kila moja ina utamu na uchungu wake. Kama na wewe umekwama njia panda, huu hapa ulinganisho.

Vipimo kwanza

Wengi wetu huanza na swali la nani ana hatia. Swali hilo ni la haki, ila peke yake halileti pesa. Mwenye hatia anaweza kuwa hana hata nauli ya kufika kortini, na mwenye mfuko mnene anaweza kuwa hakukugusa. Kwa hiyo kila njia nimeiuliza mambo matano yale yale. Ushahidi: unatakiwa kuonyesha nini, na dhidi ya nani? Mfuko: ukishinda, pesa zipo na zinashikika? Muda: utangoja kiasi gani, na mlango unafungwa lini? Kinachofidiwa: mali, mwili, au vyote viwili? Na mwisho, mzigo: nani hasa anaumia fidia hiyo ikilipwa? Hili la mwisho watu hulisahau, na ndilo lenye siasa nyingi zaidi.

1. Serikali

*Ushahidi.* Dai dhidi ya Serikali husimama kwa miguu miwili. Mguu wa kwanza ni kwamba mkono wake wenyewe ulitenda: askari alipiga risasi, alivunja, alimpiga mtu aliyekuwa ameketi chini. Wa pili ni kwamba iliona hatari ikija ikakaa, au ilipokea ripoti ikaikalia. Mguu wa kwanza una nguvu kuliko wa pili, na hesabu ya nani anapata na nani anakosa huanzia hapo.

Kifungu cha 23 cha Katiba ya 2010 kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kuamuru fidia haki ya mtu inapovunjwa. Kesi ya kuikumbuka ni ile ya manusura wanane wa ukatili wa kingono uliotokea katika vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007. Waliifungua 2013, na hukumu ikatoka tarehe 10 Desemba 2020. Wanne kati ya wanane walipewa shilingi milioni 4 kila mmoja. Kilichowatenga na wenzao kilikuwa nani aliyewatenda, maafisa wa usalama au raia, na kama jambo lilifika kwa polisi likaachwa bila kuchunguzwa. Maumivu yao yalikuwa ya aina moja. Sheria ikawapa majibu mawili.

Kwa goti, basi, Serikali ni mlango wa kweli. Kwa viatu, mambo ni magumu. Waliovunja duka walikuwa raia, na lazima uonyeshe kwamba polisi walijua, walikuwa karibu, na hawakufanya walichopaswa kufanya. Uingereza wana njia nyepesi zaidi: Sheria ya Fidia ya Ghasia ya 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya 1886, humruhusu mwenye duka kudai kwenye mfuko wa polisi bila kuthibitisha uzembe wa yeyote, hadi kikomo cha pauni milioni 1. Ufaransa nako dola ndiyo hubeba hasara inayoletwa na makundi ya ghasia. Nairobi bado huwezi kuingia kwa njia hiyo bila kesi.

*Mfuko.* Hazina haifilisiki, lakini pia haikamatiki. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Mashauri ya Serikali kinazuia dalali wa korti kwenda kukamata gari la wizara. Ukishinda, unachukua cheti cha deni, unakipeleka wizarani, unangoja. Wakikaa kimya unarudi kortini kuomba amri ya kumlazimisha afisa mhasibu alipe. Kuna walioteswa na Serikali ya Moi katika jengo la Nyayo House, Nairobi, ambao walishinda kesi wakazeeka na hukumu zao mkobani.

Ipo pia njia ya hisani, pale Serikali inapoamua yenyewe kulipa. Mwaka 2008, katika Operesheni Rudi Nyumbani, familia zilizofurushwa zilipangiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 kwa nyumba iliyochomwa. Hebu fikiria 25,000 inajenga nyumba gani. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 wa haki na maridhiano, wa miaka mitatu. Miaka ikapita waathiriwa wakiuliza uko wapi. Agosti 2025 Rais Ruto akaunda jopo chini ya Profesa Makau Mutua la kushughulikia fidia kwa waathiriwa wa maandamano tangu 2017, raia na polisi, na kabla halijakolea Mahakama Kuu ya Kerugoya ikasitisha kazi yake mwezi Septemba. Hoja nzito iliyobishaniwa ilikuwa kama Rais anaweza kuunda chombo cha kazi hiyo wakati Katiba imekwisha kuunda tume ya haki za binadamu. Mwathiriwa hakuwa akibishania hilo, lakini ndiye aliyengoja.

*Muda.* Hapa ndipo watu huumia zaidi. Dai la kawaida la madhara dhidi ya Serikali lina miezi 12 tangu siku ya tukio. Dhidi ya mtu binafsi una miaka mitatu. Kesi ya kikatiba haina kikomo kama hicho, ila ukichelewa mno jaji atakuuliza ulikuwa wapi. Wengi hungoja jopo, tume au ahadi ya jukwaani, na miezi 12 inakwisha wakiwa bado kwenye foleni.

*Kinachofidiwa.* Mwili na uhai zaidi, mali kwa nadra.

*Mzigo.* Pesa ya Serikali ni ya mlipakodi, na shemeji ni mlipakodi. Kila jozi aliyouza ilikuwa na kodi ndani yake. Yule afisa aliyefyatua na bosi aliyetoa amri wanaweza wasikatwe hata senti. Wanaotetea njia hii hujibu kwamba ndiyo maana ya kuwa na dola: ulinzi ni kazi yake, na ikishindwa inunue ilichoshindwa kulinda. Mimi nauona uzito wa hoja hiyo kwa risasi ya polisi kuliko kwa jiwe la mhuni.

*Inamfaa:* aliyejeruhiwa au kufiwa kwa mkono wa maafisa, mwenye cheti cha hospitali na wakili mvumilivu.

2. Aliyetenda mwenyewe

Moyo unapenda njia hii. Aliyevunja alipe, aliyefyatua alipe. Na sheria inaikubali: korti ya jinai inaweza kuamuru mwenye hatia amfidie aliyemuumiza, na unaweza pia kumshtaki kwa kesi ya madai.

*Ushahidi.* Unahitaji uso na jina. Mwaka 2025 picha za simu zilibadilisha mambo. Mchuuzi wa barakoa alipopigwa risasi katikati ya jiji mwezi Juni, video ilionekana na kila mtu kabla jioni haijaisha, na afisa akafikishwa kortini kwa shtaka la mauaji. Bila video ile, ingekuwa neno la maiti dhidi ya neno la bunduki. Lakini wengi hawarekodiwi. Askari wamefunika nyuso, magari hayana namba, na wezi wa duka la shemeji walikuwa kama 40 ndani ya dakika 10. Kamera ya jirani iliwanasa migongo.

*Mfuko.* Kijana aliyekamatwa na jozi tatu za viatu anaweza kurudisha jozi tatu, zikiwa zimechafuka. Afisa wa cheo cha chini ana mshahara na mkopo wa sako. Ndiyo maana mawakili humshtaki yeye pamoja na Mwanasheria Mkuu, ili mfuko mkubwa uwemo.

*Muda.* Miaka mitatu ya kufungua kesi ya madai. Kesi ya jinai haiko mikononi mwako kabisa: inapitia polisi, IPOA (mamlaka huru ya kuwachunguza polisi) kama mshukiwa ni askari, halafu Mkurugenzi wa Mashtaka.

*Kinachofidiwa.* Vyote, kwenye karatasi.

*Mzigo.* Huu ndio uzuri wake, kwamba anaumia aliyeumiza. Hakuna njia nyingine inayomfanya mtu afikiri mara mbili kabla ya kuinua rungu.

*Inamfaa:* mwenye jina, sura au namba ya askari mkononi, na anayetaka ukweli utamkwe mahali rasmi hata kama pesa itakuwa kidogo. Nimekutana na wazazi wa namna hiyo. Ukiwatajia kiasi cha fidia wanakutazama kama umewatukana.

3. Walioitisha maandamano, na wanasiasa nyuma yao

Njia hii ndiyo yenye kelele nyingi redioni. Watu wakitoka barabarani halafu duka likavunjwa, mbona asilipe aliyewaita?

Afrika Kusini wanayo sheria ya namna hiyo, na mfano wao unastahili kusomwa taratibu. Tarehe 16 Mei 2006 chama cha wafanyakazi cha SATAWU kilifanya maandamano ya walinzi Cape Town. Magari na maduka yakaharibiwa, hasara ikakadiriwa kuwa karibu randi milioni 1.5, na walioumia wakakishtaki chama. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Katiba, ambayo Juni 2012 ilisema sheria ile iko sawa: mwandalizi analipa, isipokuwa aonyeshe kwamba fujo hazikutarajiwa na kwamba alichukua kila hatua ya busara kuzizuia. Yaani mzigo wa kujieleza umehamia kwa mwandalizi.

Kenya tumeikaribia mara kadhaa. Mwaka 2019 mbunge Simba Arati alipeleka mswada wa kutaka waandamanaji na waandalizi wawajibike kwa uharibifu. Mwaka huo huo, katika kesi iliyoletwa na Ngunjiri Wambugu, Mahakama Kuu iliitaka Serikali itunge kanuni za maandamano, pamoja na suala la nani abebe gharama za usafi. Kifungu cha 37 cha Katiba kinabaki pale pale: kila mtu ana haki ya kuandamana kwa amani na bila silaha.

*Ushahidi.* Mwandalizi ni nani? Chama cha wafanyakazi kina ofisi, katibu na muhuri. Maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha yalijitangaza kuwa hayana kiongozi, hayana kabila, hayana chama. Bango lilitengenezwa na mtu kwenye simu, likasambazwa na maelfu. Umshtaki aliyelichora au aliyelituma kwa kundi la kanisa? Mwanasiasa wa mkutano wa hadhara ni rahisi zaidi kumshika, maana ana jukwaa na maneno yake yamerekodiwa. Lakini kuunganisha neno la Jumapili na jiwe la Jumanne kunahitaji mnyororo usiokatika. Tume ya Jaji Waki, iliyohesabu vifo 1,133 katika vurugu za 2007 na 2008, iliyafunga majina ya vigogo ndani ya bahasha, na Julai 2009 Kofi Annan akaikabidhi kwa Mahakama ya Jinai ya Kimataifa, The Hague. Kesi dhidi ya Uhuru Kenyatta ikaondolewa Desemba 2014, na ile ya William Ruto na Joshua Sang ikakomeshwa Aprili 2016. Kama mwendesha mashtaka wa dunia nzima alishindwa kuuunga mnyororo huo, wewe na wakili wa mtaani mjipange.

*Mfuko.* Chama kikubwa au mwanasiasa tajiri, mfuko upo. Kikundi cha vijana, hakuna kitu.

*Muda.* Miaka mitatu ya kufungua, na usiulize ya kumaliza. SATAWU ilichukua sita tangu maandamano hadi Mahakama ya Katiba, na hapo ilikuwa bado inabishaniwa sheria yenyewe.

*Kinachofidiwa.* Mali na mwili.

*Mzigo.* Hapa nina maoni yangu na siyafichi. Mwaka 2025 tuliona wazi wahuni waliokodiwa wakiingia katikati ya waandamanaji na marungu mapya ya mti mmoja, kama yametoka kwa fundi mmoja asubuhi ile. Sheria ikisema mwandalizi alipe kila kioo, basi anayemchukia mwandalizi ameonyeshwa bei ya kumfilisi: akodi vijana 50, awape nauli na chai. Kinga ya Afrika Kusini, ile ya "nilichukua kila hatua", inapunguza hatari hiyo bila kuimaliza. Hata hivyo, anayeitisha watu huku akijua amewapa vijana wake petroli hastahili kujificha nyuma ya Kifungu cha 37, na mwenye duka ana haki ya kumfuata.

*Inamfaa:* aliyeharibiwa mali na kundi lenye usajili na uongozi unaojulikana, mwenye rekodi ya amri au uchochezi. Wengine watatumia pesa nyingi kwa wakili kuliko watakazopata.

4. Bima

Bima haina hisia. Haiulizi nani alianza, na hiyo ni nafuu kwa mtu aliyechoka kuulizwa wewe ni wa upande gani.

*Ushahidi.* Onyesha kwamba hasara imetokea, ni kiasi gani, na kwamba aina yake imo ndani ya mkataba. Neno la mwisho ndilo lililowaliza wengi mwaka 2008. Bima ya kawaida ya moto na wizi huondoa ghasia za kisiasa kwa maandishi madogo, na kampuni zilikataa kulipa zikionyesha kifungu. Tangu hapo inauzwa nyongeza ya vurugu za kisiasa na ugaidi, ambayo mawakala huiita PVT. Kwa gari, huwa ni karibu robo ya asilimia moja ya thamani: gari la shilingi 1,000,000 hulipiwa kama 2,500 kwa mwaka. Kwa bidhaa za duka bei hubadilika kulingana na mtaa, na ukiwa kwenye njia ya kwenda Bunge utaambiwa bei nyingine.

Shemeji alikuwa na bima ya moto. Nyongeza hakuwa nayo. Alikuwa ameambiwa, akaona ni pesa ya kutupa.

Kuna mtego mwingine ambao mawakala hawausemi kwa sauti. Ukikatia bima nusu ya mali, hulipwi hasara yote. Bidhaa ni za 800,000, umeandikisha 400,000, umeibiwa za 200,000: utalipwa 100,000, maana kwa nusu nyingine wewe ndiye bima yako mwenyewe. Halafu wanakata kile kiasi cha kwanza ambacho mkataba unasema utajigharamia.

*Mfuko.* Ndio unaotoka haraka kuliko yote, kwa siku za kawaida. Siku zisizo za kawaida, hata bima hutikisika. Afrika Kusini wana Sasria, kampuni ya dola iliyoundwa 1979 baada ya machafuko ya Soweto ya 1976, kwa ajili ya hatari ambayo kampuni binafsi hazikuitaka. Kampuni za kawaida hukusanya ada na kuipelekea. Ghasia za Julai 2021 za KwaZulu-Natal na Gauteng ziliiletea madai ya zaidi ya randi bilioni 30, na Hazina ikalazimika kuimiminia zaidi ya bilioni 20 ili isianguke. Kwa hiyo hata huko, mwisho wa kamba ulikuwa umefungwa kwa mlipakodi. Lakini wenye maduka walilipwa, na rafu zikajaa tena. Mimi ningependa kuona kitu cha aina hiyo hapa kwetu kabla ya uchaguzi wa 2027.

*Muda.* Wiki hadi miezi. Toa taarifa mara moja, mkataba hutaja siku. Usifagie vioo kabla mkadiriaji hasara hajapiga picha.

*Kinachofidiwa.* Mali. Bima ya duka hailijui goti la mtu.

*Mzigo.* Unaubeba wewe, kidogo kidogo kila mwaka, pamoja na wenzako. Aliyekukosea hatoi kitu, isipokuwa kampuni iamue kumfuata kwa jina lako baada ya kukulipa.

*Inamfaa:* mwenye bidhaa za kuhesabika, risiti, na hofu ya uchaguzi unaokuja. Haimfai anayesoma makala haya baada ya duka kuvunjwa.

Milango midogo

Mwajiri. Huu tuliugundua kwa mshangao. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri amfidie mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini, bila kujali nani alikosea, na inamtaka awe amekata bima kwa ajili hiyo. Mlinzi wa usiku, dereva, mhudumu wa duka wote wamo. Wakili alipolisema hilo, shemeji alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini. Kijana yule alikuwa ameushika mlango wake, kwa kazi yake, saa za kazi. Mtu aliyekuja kuuliza nani atamlipa alikuwa ameambiwa kwamba na yeye ni mlipaji.

Mfuko wa waathiriwa wa Mahakama ya Jinai ya Kimataifa nao hutajwa sana. Hulipa fidia mtu anapopatikana na hatia, na kesi za Wakenya hazikufika huko. Ndugu zetu wa Ituri, Congo, wanaujua vizuri zaidi. Kwa shambulio la kijiji cha Bogoro la Februari 2003, mahakama iliamua Machi 2017 kwamba waathiriwa 297 wapate dola 250 kila mmoja kama ishara, pamoja na misaada ya pamoja ya makazi, masomo na kipato. Germain Katanga, kiongozi wa wanamgambo aliyehukumiwa kwa shambulio hilo, hakuwa na mali, ikabidi mfuko ubebe. Ni miaka 14 tangu siku ya shambulio.

Na michango. Namba ya Paybill kwenye kundi la familia ndiyo iliyolipa hospitali usiku ule, kabla ya wote hao niliowataja.

Wewe uko wapi?

*Umejeruhiwa na polisi au umefiwa.* Nenda Serikali, ukiwataja na maafisa kama unawajua. Pata namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, fomu ya polisi ya majeraha, P3, ijazwe na daktari, na kwa marehemu simamia uchunguzi wa maiti kabla ya mazishi. Andikia IPOA. Hesabu miezi 12 kwenye kalenda ya ukutani. Kukiwa na jopo au mfuko wa rais, jiandikishe, lakini usisimamishe kesi kwa sababu ya tangazo.

*Kituo kimekataa kuandika malalamiko yako.* Hutokea, hasa mlalamikiwa akiwa wa humo humo. Ilitutokea katika kituo cha kwanza. Namba ya OB tuliipata kituo cha pili, ikaandikwa kwenye kipande cha boksi la viatu. Andika siku, saa na kilichosemwa, kisha ripoti kwingine. Ushahidi kwamba uliripoti ukapuuzwa ndio unaoupa ule mguu wa pili wa dai nguvu.

*Duka limevunjwa na una PVT.* Bima kwanza. Mengine baadaye, na usisaini karatasi ya malipo ya mwisho kabla hujaisoma.

*Duka limevunjwa na huna.* Ripoti polisi, kusanya picha na risiti, na uliza majirani kama mnaweza kufungua kesi pamoja. Wenye maduka 30 wa mtaa mmoja, wanaoweza kuonyesha kwamba kituo kilipigiwa simu na hakuna aliyekuja, wana kesi ambayo mmoja peke yake hana. Risiti kama ziliibwa pamoja na droo, wauzaji wa jumla wana nakala, na M-Pesa inakumbuka kila malipo.

*Una jina au sura ya aliyekuumiza.* Msukume katika jinai, na omba fidia humo humo.

*Una rekodi ya kiongozi akiamuru.* Hifadhi faili asilia, usiitume WhatsApp pekee maana ubora hupungua, na umuone wakili kabla ya mwandishi wa habari.

*Uliumia ukiwa kazini.* Mwambie mwajiri kwa maandishi. Hakuna ubaya wa kudai, hata kama ni shemeji wa mtu.

*Uko Tanzania, baada ya Oktoba 2025.* Utaratibu ni tofauti. Kabla ya kuishtaki Serikali unatoa notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu anaunganishwa kwenye kesi, inayofunguliwa Mahakama Kuu. Tume iliyoundwa chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikuwa ya uchunguzi. Kama uliipa maelezo yako, hayachukui nafasi ya notisi hiyo.

Shemeji alifungua tena Septemba, kwa mkopo wa chama. Goti la kijana linapanda ngazi polepole, na kesi yake dhidi ya Serikali iliingia kortini kabla ya miezi 12 kutimia. Juu ya droo mpya kuna karatasi mbili za bima, ya PVT na ya wafanyakazi, zimebandikwa kwa selotepu. Vile viatu vya kushoto bado viko dirishani, na kila wiki kuna mama anayeuliza bei yake.